Kiangazi kwenye Ziwa Kivu: twende tutembee, lakini twende tukihesabiwa

Mwezi wa saba umefika. Masomo yamefungwa, mvua imekatika, na vumbi la barabara ya Kamituga limepanda mpaka kwenye mabati ya nyumba. Ni wakati ambapo baba wengi wanatoka kwenye mashimo na kukaa na familia juma moja au mawili. Nyumbani bamama na watoto wanauliza swali moja: "Mwaka huu tunaenda wapi?" Mara nyingi jibu ni fupi: hakuna fasi. Pesa iko kidogo, barabara ni mbaya, na mtu wa mgodi amezoeshwa kufikiri kwamba kutembea kwa raha ni jambo la watalii na wakubwa wa ONG.

Sisi wa sendika ya wachimbaji hatukubali jibu hilo. Ziwa Kivu liko hapa chini ya mji, na boti zinatoka Bukavu kwenda Idjwi, Kalehe, Minova na Goma. Wengi wetu tunalijua ziwa kama barabara tu. Tumelipita usiku, tumekaa juu ya magunia, tunawaza bei ya kasiterite na deni la PDG wa shimo. Hatujalitazama hata siku moja. Kiangazi hiki tunawaomba wandugu wachimbaji na familia zao walitazame, kutoka bandari moja mpaka ingine, bila haraka. Tunawaomba pia kitu cha pili kinachokwenda pamoja na cha kwanza: msipande boti ambayo hamkuhesabiwa ndani yake.

Konji ni haki

Tuanze na siku zenyewe. Sheria ya kazi ya Kongo, ile ya tarehe 16 mwezi wa 10 mwaka 2002, inasema mfanyakazi aliyepita miaka 18 anapata kwa uchache siku moja ya kazi ya konji kwa kila mwezi mzima aliotumika. Mwaka mzima unafanya siku 12, na kila akimaliza miaka 5 kwa mwajiri yuleyule anaongezewa siku moja. Kwa hiyo ndugu mwenye mkataba kwenye kampuni asiombe konji kama mtu anayeomba sigara. Aidai, na aidai kwa maandishi.

Mchimbaji wa mikono hana mkataba, basi hana konji ya kulipwa. Siku asiyoshuka shimoni, sufuria inabaki tupu. Mama anayetwanga mawe, wale tunaowaita twangaises, naye ni vilevile. Pumziko lao linatoka kwenye mfuko wao wenyewe. Ndiyo maana kwenye vikundi vyetu tumejifunza kwamba safari ya mwezi wa saba inaanza mwezi wa kwanza, kwenye AVEC au kwenye likilimba. Kila juma mtu anatia kidogo, na kiangazi kikifika tiketi za familia ziko tayari. Tena watu 15 au 20 wanaosafiri pamoja wanaweza kupatana bei, na wanakuwa na nguvu ya kusema mbele ya komanda wa boti. Nguvu hiyo tutairudilia huko chini.

Bandari kwa bandari

Kutoka Bukavu mpaka Goma kwa maji ni kama kilomita 100. Kanoti ya mbio inafika kwa saa tatu hivi. Boti kubwa za usiku zinaondoka jioni na kufika asubuhi. Mtu wa biashara anachagua moja kati ya hizo. Mtu wa vakansi, sisi tunamshauri achukue boti ya mchana na avunje safari yake vipande viwili au vitatu, alale njiani.

Bukavu imeingiza vidole vyake ndani ya maji: rasi tano, na ukiwa juu ya nchi kavu huzioni vizuri. Boti ikitoka bandarini ndipo unaziona moja moja. Ile ya La Botte ina nyumba zilizojengwa wakati wa ukoloni, mji ulipoitwa Costermansville na ziwa lilikuwa fasi ya kupumzikia wazungu. Nyuma yake unaona Kadutu, nyumba juu ya nyumba mpaka mlimani. Huko nyuma pia Ruzizi inatoka ziwani kuelekea Tanganyika, na maji hayo ndiyo yanazungusha mashini za umeme wetu. Mkono wa kuume ni Rwanda.

Mkono wa kushoto ni pwani ya Kabare: Birava, kisha Katana. Asubuhi ikiwa haina ukungu, unaona Mlima Kahuzi umesimama nyuma ya mashamba, mita 3,308, na msitu wa sokwe wakubwa kwenye ubavu wake. Karibu na Katana iko Lwiro, ambako watafiti wanafanya kazi tangu 1947. Mtoto anayependa masomo, mwonyeshe.

Kisha Idjwi inafunguka mkono wa kuume. Ni kisiwa cha pili kwa ukubwa kati ya visiwa vya maziwa ya Afrika, nyuma ya Ukerewe ya Tanzania. Kina chefferie mbili, Rubenga kaskazini na Ntambuka kusini. Hapa tunawashauri mkae angalau usiku mmoja. Magari ni machache sana, kwa hiyo mtatembea kwa miguu kati ya mashamba ya ndizi, kahawa na nanasi, na nanasi ya Idjwi mtu hasimuliwi, anaila. Mtu aliyezoea makelele ya mashini za kusaga mawe, usiku wake wa kwanza Idjwi anaamka kwa sababu ya kimya.

Usiku usio na mwezi, kaeni kwenye ukingo mtazame wavuvi wa sambaza. Mitumbwi mitatu imefungwa pamoja kwa miti mirefu, taa zinawaka juu ya maji, na mara nyingi wanaimba wakipiga kasia. Wengi wanadhani sambaza ni samaki wa hapa tangu zamani. Aliletwa kutoka Tanganyika kati ya 1958 na 1960. Ni mgeni kama wengi wetu tulio migodini, na leo hakuna meza ya Bukavu isiyomjua.

Kutoka Idjwi mnaweza kuvuka kwenda Kalehe. Ihusi ndiyo makao ya territoire. Mbele kidogo ni Bushushu na Nyamukubi. Hapo tunapita kwa heshima: tarehe 4 mwezi wa 5 mwaka 2023 mito ilishuka na mawe kutoka milimani, na watu zaidi ya 400 walikufa. Kisha Nyabibwe, ambayo wengi wenu mnaijua kwa sababu ya Kalimbi, ile migodi ambayo magunia yake yalianza kutiwa etiketi mwaka 2012. Ndugu wa Kalimbi wanaliona ziwa kila siku wakiwa juu ya mlima, na wako wazee pale ambao hawajawahi kulipita kwa raha.

Mwisho ni Minova na soko lake, halafu Goma. Mkifika wakati giza linaingia, na Nyiragongo ikiwa imewasha moto wake, mtaona wekundu juu ya mlima wa mita 3,470. Mlima huo ulitapika tarehe 22 mwezi wa 5 mwaka 2021. Siku chache baadaye sehemu kubwa ya mji ilipoamriwa kuhama, watu kwa maelfu walikimbilia kwenye boti, na Bukavu ikawapokea. Siku zile ziwa liliokoa watu. Tusilisahau hilo tunapoongea juu ya ajali.

Kiangazi na upepo wake

Mvua ya Kivu inakuja na radi na pepo za ghafula, na mwezi wa nne au wa kumi boti inaweza kukutana na dhoruba katikati ya maji. Kiangazi hakina dhoruba nyingi za namna hiyo. Lakini kina upepo wake, unaotoka kusini na mashariki, unaovuma siku nyingi toka mwezi wa sita mpaka wa nane. Kwa kawaida asubuhi ziwa limelala, na mchana upepo unaamka na kusimamisha mawimbi. Mwenye mtumbwi mdogo anayevuka Idjwi anajua: anatoka mapema. Nanyi mtoke mapema.

Kinachoua ni mzigo na haraka

Sasa tuseme lile linalotufanya tuandike. Kina cha ziwa hili kinafika karibu mita 480. Mchimbaji wa mikono, sheria inamwambia shimo lake lisipite mita 30. Hesabuni wenyewe ni mashimo mangapi, moja chini ya lingine. Hata hivyo kina peke yake hakiui mtu.

Tarehe 15 mwezi wa 4 mwaka 2019, boti ilizama upande wa Kalehe na watu zaidi ya mia wakapotea. Rais Tshisekedi alikuja Kalehe, na jile za kuokoa zikatangazwa kuwa lazima kwa kila msafiri. Miaka mitano ikapita. Tarehe 3 mwezi wa 10 mwaka 2024, boti Merdi ilitoka Minova kwenda Goma. Barabara ilikuwa imekatwa na vita upande wa Sake, watu wote na mizigo yote vilikuwa vimehamia ziwani. Boti ilipinduka mbele ya bandari ya Kituku, watu wa pwani wanaiona kwa macho. Gavana wa Sud-Kivu alisema siku ile kwamba ilikuwa na watu 278 na kwamba kwa uchache 78 wamekufa. Hesabu zilizotolewa baadaye hazikulingana. Na picha zilizopigwa siku ile zinaonyesha maji yaliyotulia.

Angalieni mambo mawili hapo. La kwanza, boti ilizama maji yakiwa shwari na bandari iko karibu. Hata Tanzania iliona hivyo: tarehe 20 mwezi wa 9 mwaka 2018, kivuko cha MV Nyerere, kilichofanywa kwa watu 101, kilipinduka kilipokaribia kisiwa cha Ukara kwenye Ziwa Victoria, na watu zaidi ya 220 wakafa. Kwa nini karibu na bandari? Boti iliyojaa kupita kiasi imekaa chini, maji yako karibu na ukingo wake, na mara nyingi mizigo imepangwa juu. Inapokaribia kufika, watu wanasimama pamoja, kila mtu anatafuta begi lake, wote wanakwenda upande ule wa kushukia. Uzito unahama. Boti inalala kidogo, maji yanaingia, mizigo inateleza upande uleule, na kutoka hapo hakuna komanda anayeweza kuirudisha. Mchimbaji anaelewa jambo hili bila kufundishwa. Ni kama kurundika udongo kwenye mdomo wa shimo: unasimama siku tatu, siku ya nne mtu mmoja anakanyaga na wote unashuka.

La pili ni hesabu. Tarehe 11 mwezi wa 9 mwaka 2020, mvua ilipoingiza maji kwenye mashimo ya Kamituga na watu wapatao 50 wakafa, swali letu la kwanza lilikuwa: walikuwa wangapi chini? Kwenye boti swali ni lilelile. Mtu ambaye jina lake halikuandikwa, hatafutwi. Mke wake hana karatasi ya kuonyesha, watoto wake hawana cha kudai. Amekufa mara mbili.

Haki ya kukataa

Mwaka 1995 Shirika la Kimataifa la Kazi lilipitisha mkataba nambari 176 juu ya usalama migodini. Ndani yake iko haki ambayo sisi wa sendika tunaifundisha kila mahali: mchimbaji akiona kwa sababu ya kweli kwamba fasi iko na hatari kubwa, anaweza kuondoka. Mkataba huo ni wa migodi, haukuandikwa kwa ajili ya boti. Lakini mtu aliyejifunza kukataa shimo linalolia, asiuache ujuzi huo bandarini.

Kiangazi kimoja kikundi chetu cha watu 18, pamoja na bamama na watoto, tulifika kwenye bandari moja ndogo ambayo hatutaitaja. Boti ilikuwa tayari, mzigo wa unga na saruji umepanda mpaka juu ya paa. Mzee mmoja wetu akasogea kwa heshima: "Komanda, shikamoo. Tuko bangapi humu? Na jile ziko ngapi?" Komanda akacheka. Jile zilikuwa tisa, zimefungwa kwenye sanduku, na watu walikuwa wamepita arobaini. Akasema: "Nyinyi wa kwenye mashimo, munaogopa mayi?" Mama mmoja wa kutwanga akamjibu: "Kule chini mayi ilishatutolea bandugu. Njo maana tunaiogopa." Tulikaa chini kwenye magunia yetu, hatukupanda. Baada ya muda mfupi wasafiri wengine wakaanza kushuka na watoto wao. Komanda akaona biashara inaharibika. Akaenda kuazima jile kwenye boti ya jirani, akashusha sehemu ya saruji, akaleta kikaratasi cha kuandika majina. Tulipoteza saa tatu. Tulifika wote.

Mtu mmoja akikataa, anaitwa mwoga na boti inaondoka. Watu 18 wakikataa, boti inabadilika. Sendika haina siri ingine zaidi ya hiyo.

Kabla ya kupanda, familia yoyote inaweza kutazama mambo matano:

Jina. Liandikwe kwenye listi ya wasafiri, na la kila mtoto pia, hata anayenyonya. Listi ibaki bandarini, isiondoke na boti.

Jile. Ivaliwe na kufungwa kabla ya kuondoka, mtu asiikalie. Mtoto anahitaji jile ya kipimo chake. Ile ya mtu mkubwa inampita kichwani akiwa ndani ya maji. Jile iliyofungiwa kwenye sanduku haiokoi mtu.

Ukingo. Tazama maji yamefika wapi kwenye ubavu wa boti, na mzigo uko wapi. Mzigo unakaa chini, katikati. Ukiwa juu ya paa, kaa bandarini.

Saa. Toka asubuhi. Uliza hali ya hewa, na uliza pia habari za njia. Mwanzo wa 2025, vita vilipofika Goma kisha Bukavu, boti zilisimama na kuanza tena. Amri za usafiri zinaweza kubadilika bila taarifa.

Kufika. Kaa mpaka boti imefungwa kamba. Begi halikimbii.

Hewa mbaya iko hata pwani

Neno moja kwa wale watakaolala kwenye pwani ya Goma na kuelekea Sake. Kule ardhi inatoa hewa inayoitwa mazuku. Ni nzito kuliko hewa tunayovuta, kwa hiyo inakaa chini, kwenye mabonde madogo na mashimo, haionekani. Asubuhi unaweza kukuta mbuzi au mbwa amelala pale amekufa. Ninyi mnaoijua hewa mbaya ya shimoni, ile inayozima mshumaa, muwe walimu wa watoto: wasishuke kwenye shimo la mawe kufuata mpira, wasilale chini kwenye bonde. Gesi nyingine, ile ya metani inayosemwa sana, iko nyingi kwenye maji ya chini kabisa ya ziwa, na huko Karongi, upande wa Rwanda, wanaivuta na kufanya umeme. Kwa anayepita juu kwa boti, hatari ya kila siku ni ule mzigo na ile haraka.

Tunachodai

Kwa wenye boti: jile idadi ya watu, na namba ya watu iandikwe kwa rangi kwenye ubavu wa boti mahali mama asiyesoma sana anaweza kuiona. Kwa watumishi wa serikali walioko bandarini: mnachukua pesa ya taksi kwa kila boti inayotoka, basi hesabuni pia watu walio ndani. Kwa barabara ya Kalehe: itengenezwe, sababu boti inajaa kupita kiasi pale barabara imekufa.

Kwa wandugu wetu: msingoje mpaka hayo yote yafanyike. Kiangazi hakingoji, mwezi wa tisa mvua inarudi na radi zake. Jipangeni watu 15 au 20, chagueni mmoja wa kuongea na komanda, andikeni majina yenu kwenye karatasi mbili, moja ibaki na ndugu aliye nyumbani. Halafu mpande, mvae jile, muwakalishe watoto upande wa Idjwi ili waione kisiwa kikikaribia.